Harris-Todaro au modeli ya utafutaji kazi? Proposo inaenda Ijumaa

Msomi_wa_Umoja: Wadau, niko uzamili wa uchumi. Natakiwa kuchagua modeli ya soko la ajira, rasmi na jua kali (isiyo rasmi): Harris na Todaro (1970), ya watu kuhamia mjini, au ile ya utafutaji kazi ya Mortensen na Pissarides, inayofuatilia watu wanavyopata na kupoteza kazi. Ipi inaifaa Nairobi?

Takwimu_Tamu: Swali lako la utafiti ni lipi? Na data unayo? Watu walewale wakihojiwa mara kadhaa, au mara moja tu? Bila hayo unatupigisha ramli.

Mzee_wa_Eastleigh: Todaro, kijana. Mtu hatoki Kitui akifuata mshahara peke yake, anapiga hesabu ya mshahara na bahati ya kuupata. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kuongeza nafasi za kazi. Watu wakamiminika mjini.

Takwimu_Tamu: Mzee wangu, kwa Todaro ukiwa mjini ama umeajiriwa ama unangoja kazi. Nani anangoja Nairobi? Hata ripoti ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) ya 1972 kuhusu Kenya ilisema shida ni watu wanaofanya kazi na bado ni maskini.

Binti_Kayole: Nilihoji mafundi Kamukunji nikiwa na tableti. Swali: ajira yako ni rasmi au si rasmi? Fundi anagonga sufuria, hata kichwa hainui. "Rasmi ndiyo nini, madam? Leseni ya kaunti hiyo hapo ukutani. Usiku mimi ni soja, nalinda kampuni, na NSSF, ile ya pensheni, wananikata." Fomu inataka jibu moja. Mvua inakuja, nikabonyeza "si rasmi". Kesho yake bosi akanirudisha, eti jibu haliendani na la mshahara. Kufika, fundi kahama, pamebaki vipande vya mabati. Nikakatwa malipo ya siku mbili. Sasa huyo mnamweka upande gani?

Kijana_Githurai: Hata mimi ningehama kazi rasmi. Bima ya afya SHIF asilimia 2.75 ya mshahara, ada ya nyumba 1.5, kodi ya PAYE bado. Bora kibanda.

Mzee_wa_Eastleigh: Na ukiugua kibandani?

Kijana_Githurai: Kwani kazini siugui mzee? Mchumi Maloney alionyesha Mexico kwamba wengi huacha ajira rasmi kwa hiari yao, wakajiajiri.

Takwimu_Tamu: Mexico si Githurai. Hiari ya mtu aliyefutwa kazi ni hiari gani?

Msomi_wa_Umoja: Samahani, nilikuwa kwa matatu. Data ni ya KNBS, shirika la takwimu la Kenya, ya 2016, ile ya biashara ndogo.

Takwimu_Tamu: Hiyo ni ya biashara, si ya wafanyakazi! Modeli ya utafutaji kazi inataka hao: utajuaje nani alitoka kazi gani akaenda ipi? Mbona hukusema mapema?

Msomi_wa_Umoja: Msimamizi ndiye aliyenipa.

Mzee_wa_Eastleigh: Basi rudi kwa Todaro.

Kijana_Githurai: Binti, yule fundi alihamia wapi? Natafuta sufuria kubwa ya harusi.

Binti_Kayole: Nasikia Gikomba. Usimwambie umetumwa na mimi.