Flai ipi nianze kufunga kwa trauti wa mito ya Aberdare?

MwanaChania
Wadau, habari zenu. Nimepata jiriwa ndogo na sasa nataka kujifungia flai zangu (chambo bandia cha manyoya kwenye ndoana) za kuvulia Chania na Gura. Sina pesa ya kununua manyoya ya kila aina, kwa hiyo nichague moja kati ya hizi: Pheasant Tail, Woolly Bugger au Elk Hair Caddis. Mnashauri ipi?

Kereng'ende
Pheasant Tail, kaka. Trauti hula sehemu kubwa ya chakula chake chini ya maji. Geuza jiwe kwenye maji ya kasi utayaona mabuu yenyewe: membamba, ya kahawia, yana mikia kama nyuzi. Frank Sawyer, mtunza mto Avon kule Uingereza, ndiye aliyeibuni kuwaiga hao, na hakutumia uzi wa kufungia hata kidogo. Alitumia waya mwembamba wa shaba, unaofunga manyoya na papo hapo kuizamisha flai.

Zungusha waya kwenye ndoana namba 14, rundika mizunguko mbele upate kifua. Chukua nyuzi nne za unyoya, ncha ziache nyuma ziwe mkia. Zilizobaki zisokote pamoja na waya, zungusha hadi mbele, halafu zilaze juu ya kifua, nyuma na mbele. Umemaliza. Waya utaupata kwenye koili ya mota iliyoungua.

MzeeWaMathioya
Hiyo ni sawa maji yakiwa meupe. Masika yakiingia, mto unageuka chai ya maziwa, buu dogo namna hiyo nani ataliona? Hapo Woolly Bugger nyeusi, ndoana namba 8, kubwa kuliko hiyo ya 14. Mkia wake ni manyoya laini ya marabou, unapumua majini hata ukiacha kuvuta mshipi. Samaki huidhani kiluwiluwi, samaki mdogo au buu la kereng'ende. Trauti wa kahawia, ambao Gura wamo tangu 1905, wale wakubwa hukaa chini ya kingo na hawatoki kwa kitu kidogo. Tena kwa anayeanza inasamehe: ukiifunga ovyo bado itavua.

BintiNanyuki
Mzee shikamoo. Nakubaliana nawe kwa maji machafu, ila MwanaChania asiisahau Caddis moja kwa moja. Kumwona trauti akipanda kuichukua juu ya maji jioni, hakuna raha inayoifikia! Shida ni malighafi. Nywele za elki (mnyama wa jamii ya kulungu) zina uwazi wenye hewa ndani, ndizo zinazoielesha flai. Ukiweka za mbuzi itazama. Kwa hiyo hizo chache nunua zilizofungwa tayari, ya kwanza kufunga iwe ya Kereng'ende.

MwanaChania
Asanteni sana. Sasa mkia wa feasanti, huyo ndege wa Pheasant Tail, nitautoa wapi huku Nyeri?

Kereng'ende
Tumia unyoya wa mkia wa bata mzinga, ule wa kahawia. Nyuzi zake ni ndefu na zinasokoteka vizuri. Muombe mfugaji, osha kwa sabuni, anika kivulini, hifadhi kwenye mfuko uliofungwa wadudu wasiingie.

BintiNanyuki
Na kijino cha ndoana kibane kwa koleo kabla hujaanza kufunga, si baada. Ndoana ikivunjika, utakuwa hujapoteza kazi.