Kumsaka Carmen Sandiego: nimpe binti gemu la zamani au haya mapya?

Mkwakwani_78 (Tanga)

Wadau, habari za jioni. Nina binti yuko darasa la tano, ramani hazimuingii kabisa. Juzi kanishikilia kwamba Kairo iko Ulaya, eti kwa sababu kwenye picha ina majengo ya kizamani.

Nikakumbuka mimi nilijifunzia wapi. Mwaka 1994 mjomba alirudi kutoka masomoni na kompyuta nzito kama mashine ya kusaga, na ndani yake lilikuwamo gemu la *Where in the World Is Carmen Sandiego?*, lile la kwanza la Brøderbund la 1985. Kioo kizima rangi nne. Kwa ambao hamkulikuta: wewe ni mpelelezi wa shirika la ACME, jambazi wa genge la Carmen kaiba kitu cha thamani katoroka, unamfuata mji kwa mji. Mashahidi wanakupa dokezo, mara kabadilisha pesa za nchi fulani, mara kaondoka na chombo chenye bendera ya rangi fulani. Unaanza Jumatatu saa tatu asubuhi, mwisho Jumapili saa kumi na moja jioni. Ukimfikia bila hati ya kukamata, anakuponyoka huku unamwona.

Lilipouzwa dukani lilikuja na kitabu, *The World Almanac*, ndicho cha kutafutia majibu. Sisi tulikuwa na flopi tu, tena jina limeandikwa kwa kalamu. Kitabu chetu kikawa atlasi ya shule isiyo na jalada. Siku moja tumekwama, mji unaitwa Moroni, mimi nadhani ni jina la mtu. Jirani yetu Mngazija anapita barazani, akasikia. Akaingia na kanzu yake hadi mbele ya kioo: "Moroni? Moroni ndiyo kwetu!" Alikaa hadi magharibi, mwizi tukamsahau.

Sasa naona njia nne: lile la zamani, Carmen mpya wa Gameloft wa 2025, GeoGuessr, au Seterra. Laptopu ipo, bando la kubana. Nianze na lipi?

Kibodi_Kavu

Mkuu umenirudisha mbali. La zamani halina shida kulipata. Internet Archive tangu 2015 wameweka maelfu ya magemu ya DOS, ule mfumo wa kompyuta za zamani, unacheza humo humo kwenye brauza. Kwenye simu usijaribu, kibodi ya kioo itakutesa. Kama una mafaili yake, weka DOSBox, programu ya kuchezea magemu hayo, kwenye laptopu, hapo bando unalisahau kabisa. Gemu zima ni dogo kuliko picha moja ya simu yako.

Angalizo: usichanganye matoleo. Lile la 1985 lina miji 30 na watuhumiwa kumi, Carmen akiwa mmoja wao. Deluxe la 1990 ni zuri zaidi kwa macho na lina nchi nyingi zaidi, ila binafsi naona lile la kwanza ndilo linalomlazimisha mtu kufungua kitabu.

MwalimuJio

Nitakuwa mchawi wenu hapa. Gemu la 1985 lina Peking na Moscow ya Wasovieti. Lina lira ya Italia, faranga ya Ufaransa, drakma ya Ugiriki. Hizo pesa zote zilipisha yuro, noti na sarafu zake zikaingia mikononi mwa watu 2002. Mtoto wa darasa la tano unamlisha dunia ya babu yake, halafu mtihani nausahihisha mimi.

Seterra. Inakupa ramani ya Afrika, inakwambia "bonyeza Burkina Faso", ukikosea unaona umekosea. Haina jambazi wala hadithi, lakini wiki mbili tu anajua bara zima.

Mkwakwani_78 (Tanga)

Mwalimu shikamoo. Seterra nilimpa mwezi uliopita. Alizikariri nchi kama anavyokariri jedwali la saba, na zikatoka vivyo hivyo. Ukimuuliza Burkina Faso kuna nini, anasema "iko juu ya Ghana".

MwalimuJio

Marahaba. Na kweli iko juu ya Ghana 😄

Kapsabet_Express

Mimi niko Eldoret, naongea kama mtu wa GeoGuessr, nimeicheza miaka. Ni tamu, hilo sikatai. Unatupwa barabarani popote duniani kwenye Street View, zile picha za barabarani za Google, unaangalia nguzo za umeme, rangi ya udongo, maandishi ya maduka, unakisia uko wapi. Lakini nikwambie ukweli kabla hujalipa. Ukitupwa Kenya, huhitaji kujua chochote kuhusu Kenya. Gari la Google lililopiga picha huku lilikuwa na bomba la kuvutia hewa pembeni, na kwenye picha linaonekana. Ukiona bomba, bonyeza Kenya. Wachezaji wa Ulaya ambao hawajawahi kuona hata kikombe chetu cha chai wanatutambua kwa bomba!

Tena Tanzania bara huko kwenu hayo magari hayajazunguka kama huku, kwa hiyo usitegemee atupwe Korogwe. Na kucheza sawasawa ni kwa kulipia.

Bint Mutrah

Assalaam alaykum kutoka Muscat. Huo mpya wa Gameloft vijana wangu wawili wanao. Safari hii si wewe unayemkamata Carmen, wewe ndiye Carmen mwenyewe, unawafukuza VILE, genge la wezi. Picha zake utaziangalia hata wewe mtu mzima. Lakini dada yenu niseme nilichoona sebuleni kwangu: mtoto anaruka mapaa na bawa lake, anafungua makufuli, na jiji linapita nyuma kama pazia. Nilimuuliza mkubwa, "Umetoka mji gani sasa hivi?" Akasema, "Ule wenye paa refu."

Kuna sehemu ndani yake inaitwa ACME Files, hiyo ina mtindo wa zamani wa kufuata dokezo. Mwanangu mdogo aliipenda. Mkubwa aliifunga dakika ya tano.

Kwenye simu lilikuwapo kwa wenye Netflix mwaka 2025, likaondolewa; sasa ununue la kompyuta au la konsoli.

Kibodi_Kavu

Hivi 2019 Google Earth si waliweka kesi za Carmen za bure? Ya kwanza ilikuwa ya vito vya taji la Uingereza. Nililicheza ofisini saa ya chakula, likaisha kabla ya chai. Fupi mno.

Mkwakwani_78 (Tanga)

Nawaletea mrejesho. Jumamosi nimefungua lile la 1985 na yeye pembeni, atlasi mpya juu ya meza. Alipoona kioo: "Baba, hili gemu mbona kama risiti?" Nikamwambia tulia.

Mji wa pili akaanza kuvuta atlasi mwenyewe. Mji wa nne tukapata dokezo la bendera: nyekundu, njano na kijani. Kwenye orodha ya safari kuna Kigali na kuna Bamako. Mimi nikanyamaza. Akafungua kurasa za bendera, akaweka kidole kwenye Rwanda: buluu, njano, kijani, na jua kwenye kona. "Siyo hii." Akaweka kidole Mali. "Hii hapa, twende Bamako."

Bamako kila tunayemuuliza hajamwona mtu wa namna hiyo. Saa zimekwenda. Kurudi, kulala, kufuata tena, Jumapili ya gemu ikatukuta njiani na jambazi kaenda zake. Mtoto kakasirika mpaka machozi, "Lakini atlasi imesema!" Na kweli kwa atlasi alikuwa sahihi. Kigali ya gemu bado inapeperusha bendera ile ya kale.

Mwalimu, najua unacheka.

MwalimuJio

Sicheki. Nimesema tangu mwanzo.

Kapsabet_Express

Lakini mwalimu, Bamako hataisahau huyo mpaka azeeke. Bonyeza Burkina Faso ngapi zimemtoa mtoto machozi?

Mkwakwani_78 (Tanga)

Ngojeni, haijaisha. Usiku nikamtafutia bendera ya zamani ya Rwanda. Nyekundu, njano, kijani, na katikati herufi R kubwa nyeusi. Sasa ananisumbua tangu jana: nchi gani inaandika herufi kwenye bendera, R ya nini, wengine mbona hawaandiki? Mimi sina jibu. Kuna mtu wa Kigali humu?

Biryogo

Nipo. Mwambie binti hivi: zile rangi tatu zimesimama wima, nyekundu, njano, kijani, ukiitoa ile R unabaki na bendera ya Guinea, haina tofauti. Ndiyo maana wakaweka herufi. Hii ya sasa yenye jua ilipandishwa Oktoba 2001. Na akirudi kwenye gemu akipewa tena rangi hizo tatu, safari hii apande ndege aje Kigali moja kwa moja.