Nina banda umiza Tandale, naomba ushauri wa dokumentari za mazingira

Mwenye Banda
Wakuu, habari za muda huu. Naendesha banda umiza huku Tandale, jirani na Mto Ng'ombe. Jioni ni mpira, usiku ni filamu za mapigano zilizotafsiriwa. Jumapili asubuhi linakaa tupu, na mjumbe ameniomba nionyeshe dokumentari za mazingira, bila kiingilio. Shida zetu mnazijua: mtaro unazibuliwa leo, wiki ijayo umejaa chupa na pampasi, mvua ikipiga maji yanalala na watu ndani.

Tulianza na moja ya barafu kuyeyuka huko kaskazini ya dunia. Watu wakaguna, wakaaga. Nataka mtu akitoka hapo abadilishe kitu nyumbani kwake. Mtafsiri ninaye. Niweke zipi? Naomba kuwasilisha.

Chizi Maarifa
Stelingi ni nani na anawapiga wangapi? Bila hivyo utafunga banda mkuu.

Mzee wa Kijiweni
Mnamcheka huyo lakini kauliza la maana. Barafu haina stelingi. Tafuta filamu yenye mtu anayehangaika, na awe mtu anayefanana na watazamaji wako.

Kwa mtaa wenu ningeanza na Waste Land ya mwaka 2010. Msanii Vik Muniz anakwenda Jardim Gramacho, dampo kubwa la Rio de Janeiro, anakaa na waokota taka. Anawapiga picha, halafu wao wenyewe wanazijenga upya zikiwa kubwa kama sakafu ya ukumbi, kwa taka zilezile za dampo. Picha zinauzwa na fedha zinarudi kwenye chama chao. Kiongozi wao, Tião, anajua thamani ya kila aina ya plastiki. Dampo lenyewe lilifungwa mwaka 2012. Vijana wanaookota chupa kwenu na kuziuza kwa kilo watajiona pale, na wale wanaowaita machizi wataanza kuwaheshimu. Hapo ndipo utapata watu wa kutenga taka mlangoni, maana watakuwa wanamtengea mtu wanayemfahamu.

Ya pili ni Thank You for the Rain, 2017. Kisilu Musya, mkulima wa Kenya, anajirekodi na familia yake: ukame, mafuriko, nyumba kuharibiwa na dhoruba. Anawashawishi majirani kupanda miti, mpaka anafika Paris kwenye mkutano wa tabianchi wa 2015. Anarudi nyumbani na maswali mengi kuliko majibu, na mimi ndicho nilichokipenda. Haimdanganyi mtu.

Ngosha Original
Uweke pia Darwin's Nightmare ya 2004, ile ya sangara wa Mwanza.

Mzee wa Kijiweni
Hapana ndugu yangu, si Jumapili za mwanzo. Ile ilizua ugomvi mkubwa, mwaka 2006 Rais Kikwete mwenyewe aliisema hadharani. Ukiiweka, watu watabishana kuhusu mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kukatwa, mpaka mchana na mtaro utabaki vilevile.

Ngosha Original
Hapo sawa. Nyumbani mapanki tumeyala, na pale kwenye filamu sikujitambua kabisa.

Dada wa Karume
Nauza mitumba. Nilioneshwa The True Cost, ya 2015, inaeleza nguo za bei rahisi zinavyotengenezwa na jengo la Rana Plaza lililoanguka Bangladesh mwaka 2013, wakafa watu zaidi ya 1,100. Tangu hapo kwenye belo langu nguo mbovu situpi, nampa fundi anakata matambara na vifuko vya sokoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini nenda sokoni uone vile vilaini vya kufungia nyanya vilivyojaa.

Karani Mstaafu
Kabla ya yote, mkuu, kuonyesha filamu ya mtu hadharani kunahitaji ruhusa hata kama hutozi kiingilio. Waandikie watengenezaji. Wa dokumentari za namna hii mara nyingi wanafurahi zikionyeshwa mitaani, kuliko wale wa filamu zako za mapigano ambao sitaki kukuuliza umewalipa nini.

Mama Ntilie Buguruni
Wanangu, mmeongea vizuri, ila hakuna aliyegusa jikoni. Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Mimi sikatai. Lakini mkaa naununua kwa kopo, leo nikiwa na hela kidogo napika. Gesi inataka hela ya mkupuo, na ikiisha katikati ya wali wateja hawanisubiri. Filamu ya misitu itanisikitisha, kesho nitanunua mkaa uleule.

Fanya hivi. Filamu ikianza, weka maharage kwenye jiko la umeme la presha pale mbele. Mtu mmoja asome uniti za LUKU kabla na baada, kwa sauti. Filamu ikiisha watu wanakula, na kila mama anapiga hesabu yake ya kopo ngapi za mkaa.

Chizi Maarifa
Stelingi amepatikana. Maharage.

Mwenye Banda
Shikamoo mama, hilo sikuliwaza kabisa. Basi naanza na ile ya dampo la Rio, nikipata ruhusa, na nitawaalika vijana wa chupa wakae viti vya mbele. Feni na projekta nitazichomeka kwa jirani ili mita isome jiko peke yake. Jiko la presha ndilo sina. Kuna mwenye la kuniazima?

Dada wa Karume
Ninalo, nipo Sinza. Njoo ulichukue Jumamosi, ila lirudi limeoshwa.

Mama Ntilie Buguruni
Marahaba. Maharage loweka usiku, usije ukaniaibisha.