Ukoo wa Tanga 🌴: Jumamosi usiku, 7 Oktoba 2023

20:21 Baba Mdogo Salim: Wenye king'amuzi washeni. Langalanga (Formula 1) Qatar, saa mbili u nusu. Max Verstappen huenda akachukua ubingwa wa msimu usiku huu, na mashindano yenyewe ni kesho.

20:22 Shangazi Zuhura: Mashindano kesho, ubingwa leo? Hiyo nikahi kabla ya posa 😂

20:23 Faraji (Doha): Shikamoo shangazi. Leo mbio fupi, mizunguko 19. Wa kwanza pointi 8, wa pili 7, inashuka hivyo mpaka wa nane. Mimi tiketi yangu ya kesho 😭

20:23 Shangazi Zuhura: Marahaba mwanangu. Umekula?

20:24 Faraji (Doha): Nimekula. Max ana pointi 400 msimu huu, Pérez anayemfuata 223. Hata Pérez ashinde leo, Max akipata 3 tu kamaliza.

20:26 Shangazi Zuhura: Ngoja, mshika fedha wa kibati nipo. Tofauti 177. Baada ya leo zinabaki ngapi?

20:27 Faraji (Doha): Mbio kubwa 6, kila moja 26 ukijumlisha ile pointi ya mzunguko wa kasi. Na fupi 2 za 8 8.

20:28 Shangazi Zuhura: 156 na 16, 172. Basi huyo Pérez akirudi mikono mitupu, yamekwisha, hata Max asipate kitu.

20:28 Baba Mdogo Salim: Dada, Red Bull, timu ya Max na Pérez, wanakuhitaji.

20:44 Halima: Gari la usalama tena, wote wapunguze mwendo?? Kila saa mtu yuko kwenye changarawe. Lawson, sasa Sargeant.

20:49 Faraji (Doha): Russell anaongoza kwa matairi laini, ila yanaisha haraka, hayatamfikisha. Piastri anamnyemelea.

20:54 Halima: WAMEGONGANA! Watatu!

20:55 Faraji (Doha): Ocon, Hülkenberg… na Pérez!! Yuko kwenye changarawe.

20:55 Shangazi Zuhura: Mikono mitupu?

20:55 Faraji (Doha): Mitupu.

20:56 Shangazi Zuhura: Si niliwaambia.

20:58 Baba Mdogo Salim: Mzunguko wa 11, bingwa hata mstari hajauona! Kapewa na ajali ya mwenzake wa timu moja. Enzi zetu Safari Rally, Shekhar Mehta kachukua mara tano, na humjui mshindi mpaka gari liingie na tope lake.

20:59 Halima: Ba'mdogo, na zile 10 mfululizo, Miami mpaka Monza, alipewa na nani? Leo wamegonga muhuri tu.

21:07 Faraji (Doha): Piastri, Max, Norris. Mtoto Piastri ndiyo mwaka wake wa kwanza langalanga! Max bingwa mara ya tatu, 2021, 2022 na sasa. Tiketi yangu nimuuzie nani?

21:08 Shangazi Zuhura: Nenda. Hela ishatoka.

21:09 Baba Mdogo Salim: Mimi kesho siangalii. Nalala mapema.

*Jumapili, 8 Oktoba*

21:52 Faraji (Doha): Jamani joto! Usiku huu nimekaa tu nimelowa, wao mizunguko 57 ndani ya yale mavazi. Sargeant kaegesha gari, mwili umegoma. Max kashinda.

21:53 Baba Mdogo Salim: Kwa sekunde 4 na ushee tu. Piastri alikuwa anakuja.

21:53 Halima: 👀

21:54 Shangazi Zuhura: Salim, si umelala?

21:58 Baba Mdogo Salim: Televisheni waliiacha watoto.