Naomba ushauri: mtoto wa PP1 na kazi ya kuandika nyumbani

Hamjambo wazazi na walimu wa humu. Binti yangu ana miaka 4, ameanza PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, huku Kisauni, Mombasa, muhula huu wa kwanza. Shule anaipenda mno: anarudi akiimba, ashajua kupanga foleni, kunawa mikono kabla ya uji na kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Hayo yananifurahisha kweli, maana nyumbani hana wa kucheza naye.

Tatizo ni jioni. Kila siku anapewa daftari ajaze kurasa za herufi na nambari, na penseli bado haijamkaa mkononi. Hulia mpaka usingizi ukamchukua. Nijuavyo, mtaala wa umilisi unataka watoto wa umri huu wajifunze kwa kucheza. Nimejaribu kumchorea herufi mchangani na kumpa udongo afinyange. Hapo hutulia, lakini daftari lazima lirudi limejaa. Mwalimu anasema wazazi wengine ndio wanaodai maandishi, nami namwamini.

Wenye watoto PP1, wenu wanaandika kiasi gani wiki hizi za mwanzo? Na nimwombe vipi mwalimu apunguze bila kumvunjia heshima? Ahsanteni.