Naomba ushauri: wakazi wa ulimwengu wa tope kwenye Dungeons & Dragons

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi ndiye mwendesha mchezo wa kundi letu, yaani msimuliaji wa huu mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, na Jumamosi wachezaji wanaingia ule ulimwengu wa tope, pale ulimwengu wa Maji unapopakana na ulimwengu wa Ardhi.

Wiki iliyopita niliwaonjesha mephiti wa tope. Ni vijishetani vyenye mabawa, pointi 27 tu za uhai, lakini kikifa kinalipuka tope zito: aliye ndani ya futi 5 akishindwa kukwepa, ananata. Mpiganaji wetu alimkata mmoja kwa shoka, akaanza kujisifu, kumbe miguu haitoki! Tulicheka hadi soda ikamwagikia ramani.

Sasa nimekwama. Kila nikifikiria wakazi wengine naishia kwenye viumbe vya ute vinavyomeza watu, na ute hauongei. Nataka mwenyeji wa kujadiliana naye, tuseme mephiti mzee anayetoza ushuru wa kuvuka. Adai nini, maana huko dhahabu inazama tu? Na mtu akianza kuzama, mnampa raundi ngapi mwenzake amvute? Tatu naona chache, ila sitaki wazoee.

Mliowahi kuendesha safari za kinamasi, nisaidieni kabla ya Jumamosi.