Tupeane uzoefu: uliyoyagundua ukiwa peke yako kwenye miji ya Japani

Mgosi wa Makorora

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Nimerudi wiki tatu zilizopita kutoka Japani. Siku kumi na sita, peke yangu, bila mwenyeji: Tokyo, Kyoto, Osaka, Hiroshima, halafu Tokyo tena. Mlima Fuji na mahekalu picha zake mmeshaziona. Mimi nataka tuongee yale madogo ya kila siku ambayo mtu huyagundua akiwa hana wa kumuuliza. Naanza.

Usiku wa kwanza nilikuwa Ueno, mtaa wa Tokyo, tumbo tupu tangu kwenye ndege. Nikasimama nje ya kimgahawa cha ramen, ile supu yao ya tambi, nachungulia chini ya pazia fupi la mlangoni. Kwetu mtu mzima akienda kula usiku peke yake, wenye mtaa wanajiuliza kagombana na nani nyumbani. Mpishi akaniona, akapaza sauti, "Irasshaimase!" Ni karibu yao hiyo. Nami nikajibu "ahsante" kwa Kiswahili, ilinitoka tu. Baadaye nikagundua wenyeji hawaijibu karibu ile, wanapita wakakae. Mimi siku zote kumi na sita niliijibu walau kwa kichwa. Karibu bila kuitikiwa siwezi, nimelelewa hivyo.

Akainua kidole kimoja: mmoja? Nikainua changu. Akanielekeza kwenye mashine iliyo mlangoni: unaingiza hela, unabonyeza picha ya chakula, inatoka tiketi unampa yeye. Noti yangu ya yeni 1,000 mashine ikaitema mara tatu. Ilikuwa noti mpya, zile zilizotolewa Julai 2024, na mashine ni ya zamani haizijui. Mzee aliyekaa kiti cha mwisho akaviweka vijiti vyake, akatoa pochi, akanipa noti ya zamani akachukua yangu, akaikunja, akarudi kwenye bakuli lake. Hakusema neno. Tulikuwa saba pale kaunta, kila mtu kaja kivyake, kila mtu anavuta tambi kwa sauti, na hakuna aliyegeuka kunitazama. Mteja wa peke yake kule ana jina lake la heshima, ohitorisama, na ile kaunta imewekwa kwa ajili yake.

Jingine ni la Kyoto. Dada wa mapokezi pale nilipofikia, kila akipokea zamu, anamwambia mwenzake "otsukaresama desu". Nikaiuliza programu ya kutafsiri kwenye simu, ikaniletea kitu kuhusu kuchoka, hakieleweki. Nikamuuliza mwenyewe. Akahangaika sana na maneno na mikono: mtu amefanya kazi, wewe umeuona uchovu wake, unamwambia umeuona. Jamani, hiyo si ndiyo pole na kazi! Ni watu wangapi nimewahi kushindwa kuwaeleza pole ni nini, halafu naikuta imekaa Kyoto. Usiku anafunga kaunta nikamwambia hilo neno lake. Akainama mpaka nikauona utosi.

Haya, aliyeishi kule, aliyepita tu, aliyesoma, tupeane uzoefu.

Fundi Kiwalani

Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi nilikwenda Yokohama na Nagoya kuangalia magari. Miaka kumi nafungua na kufunga IST na Noah, na kila ukiwasha asubuhi yule dada wa kwenye dashibodi anaongea Kijapani chake. Wateja wangu wana tafsiri zao, wengine wanasema anakusalimia, wengine anakuambia ufunge mkanda. Basi Nagoya nikapanda gari la mwenye yadi. Akawasha. Dada yuleyule, sauti ileile! Moyo ulinidunda kama nimekutana na mtu wa nyumbani. Nikauliza anasemaje. Kumbe anasema kadi ya ETC haijawekwa. ETC ni kadi ya kulipia barabara kuu za kwao, ukiwa nayo geti linafunguka unapita bila kusimama. Kwa hiyo miaka yote hiyo, kwenye foleni ya Buguruni, anatukumbusha kadi ya barabara iliyo ng'ambo ya bahari.

Nikamtolea picha kwenye simu. Gereji tuna Coaster iliyokuja na maandishi ubavuni, mwenye gari akakataa tusifute, anasema yanapendeza. Yule bwana akasoma akatabasamu: basi la chekechea. Liliwahi kubeba watoto. Nimemwambia dereva wetu, siku hizi analiosha kwa adabu zaidi.

La kuwasaidia: teksi ikisimama usiushike mlango wa nyuma. Dereva anaufungua na kuufunga yeye mwenyewe kutoka kwenye kiti chake. Mimi niliuvuta kwa nguvu na akahuzunika waziwazi, na fundi mwenzenu nikaona aibu. Na yale magari madogo yenye namba za njano ni ya injini isiyozidi cc 660. Yamejaa mno mitaa myembamba, kwetu huyaoni kwa wingi ule.

Msafiri wa Nyeri

Mimi langu ni takataka. Siku ya pili Tokyo nilinunua ndizi na chupa ya chai baridi, nikala nikitembea Asakusa. Ndipo nikaanza kutafuta pipa. Nikatembea na ganda la ndizi mkononi dakika arobaini. Chupa nilipata pa kuitupa kando ya mashine ya vinywaji, lakini tundu lake ni la chupa na makopo tu, ganda haliruhusiwi. Nikalifunga kwenye karatasi, likaingia mkobani, likalala nami hotelini. Na barabara ni safi unaweza kukaa chini ukiwa na nguo nyeupe. Mfanyakazi wa hoteli alinieleza kwamba mapipa mengi yaliondolewa baada ya Machi 1995, pale watu wa dhehebu moja walipotega gesi ya sumu ya sarini kwenye treni za chini ya ardhi Tokyo. Mapipa yalionekana ni mahali pa kufichia kitu. Watu wakazoea kurudi na taka zao nyumbani, na mazoea yakabaki.

Kilichonigusa kabisa kilikuja Osaka. Mama mwenye hosteli aliniuliza natoka wapi. Kenya. Akashika mikono yangu yote miwili, na wale si watu wa kushikana ovyo, akasema, "Maathai-san! Mottainai!" Sikuelewa. Akaniketisha. Mottainai ni neno lao la kusikitikia kitu kinachoharibika bure: chakula kilichobaki, maji yanayomwagika, nguo inayotupwa ikiwa bado ina kazi. Profesa Wangari Maathai alikwenda Japani mwaka 2005, akalipenda lile neno, akazunguka nalo dunia nzima. Mama akaniambia vijana wao walikuwa wameanza kulisahau, na mwanamke wa Kenya ndiye aliyewarudishia. Mimi ni wa Nyeri, kwao Maathai. Nilitoka nje kidogo kufuta macho.

Mwana wa Shangani

Assalaam aleikum. Nami nilisafiri peke yangu, mwanamke, na buibui langu, na watu wa nyumbani walinililia kama naenda vitani. Nitasema lililonituliza kwanza, msinicheke: maji chooni. Sisi tunaosafiri na chupa au kopo ndani ya mkoba tunajua tabu ya nchi za karatasi. Kule choo kina maji yake, unabonyeza kitufe, vuguvugu, hata kwenye kituo cha treni na duka kubwa. Kampuni ya TOTO iliuanza ule mtindo wa Washlet mwaka 1980. Niliweka kopo langu chini ya sanduku, sikulitoa tena.

Kuvua viatu pia sikufundishwa na mtu. Ila kuna jambo moja lilinitoa jasho. Nyumba ya wageni Kyoto unavua viatu mlangoni, unavaa ndara za ndani. Kwenye chumba chenye mikeka ya tatami unazivua hizo nazo. Ukiingia chooni zipo ndara nyingine, za chooni tu. Siku ya kwanza nikatoka chooni nazo nikaenda zangu hadi meza ya chakula. Bibi mwenye nyumba alitazama miguu yangu, akaenda, akarudi na zile za ndani, akapiga goti akazipanga mbele yangu, vidole vikielekea nje ili nichomeke tu mguu. Hakunisema. Mtu mzima kunipigia goti! Sikukosea tena mpaka narudi.

Kobe nilikwenda kwa ajili ya msikiti. Ni wa kwanza Japani, ulifunguliwa mwaka 1935. Mabomu ya 1945 yaliuteketeza mji, msikiti ukasimama; tetemeko la 1995 likaja, ukasimama. Nilisali adhuhuri pale ndani, nikawa nashika ukuta kwa kiganja.

Na Osaka, Dotonbori, nikanusa pweza. Nikafuata harufu kama niko Forodhani. Wanamkata vipande vidogo, wanamtia kwenye uji wa unga wa ngano, wanauzungusha kwenye kikaango chenye vishimo mpaka unakuwa donge la duara kama kalimati, ndani bado ni uji wa moto unaobabua ulimi. Jina lake takoyaki. Tako ndiye pweza, basi hebu fikirieni nikimsimulia mama yangu kwenye simu nimekula nini.

Kwa dada zangu: asubuhi na jioni za msongamano, treni nyingi zina behewa la wanawake peke yao, limeandikwa chini pale jukwaani mnaposimama. Litumieni.

Kijana wa Kasulu

Naomba kuuliza wakuu, lugha mliwezaje? Nina safari Nagoya mwakani, na Kiingereza nasikia hakifiki mbali.

Mgosi wa Makorora

Mdogo wangu, tumeumbiwa Kijapani cha kutamka. Silabi zao karibu zote zinaishia na irabu kama zetu. A-sa-ku-sa. Na-ka-no. Ukisoma kituo kilivyoandikwa kwa herufi zetu, umeshakitamka sawasawa. Kituoni nilimsikia Mmarekani akiuliza njia ya kituo kilekile ninachokitafuta mimi, hakueleweka. Nikauliza mimi, nikaelekezwa. Tatizo ni maana. Kwenye mgahawa wa sushi niliona saba, nikadhani ni idadi, kumbe ni samaki. Tai naye samaki. Kuku kwao ni jedwali la kuzidisha, watoto wanalikariri. Na kuna jina la dubu, hilo utalikuta mwenyewe, usilitamke mbele ya wakwe.

Jifunze "sumimasen". Ni samahani, ni hodi, ni ahsante ya mtu aliyesumbuliwa kwa ajili yako. Nayo ngazi za umeme: Tokyo unasimama kushoto, Osaka kulia. Mimi siku ya kwanza Osaka nilisimama kushoto, nikaziba njia ya watu wenye haraka, na walisubiri nyuma yangu kimya mpaka juu.

Mwalimu wa Kihonda

Naongeza Hiroshima, kwa kuwa mtoa mada amepita haraka. Nilifika nikijua habari ya bomu tu. Nilifundisha tarehe hiyo miaka mingi: 6 Agosti 1945, saa 2:15 asubuhi. Kumbe sikuwahi kufikiria jioni ya siku hiyo, wala kesho yake. Kituoni nilipanda tramu ya mjini, ile treni ndogo inayopita barabarani. Mzee aliyeketi karibu yangu alikuwa na mfuko wa vitunguu majani, akaona naangalia ramani, akaniambia kwa Kiingereza cha pole kwamba siku tatu baada ya bomu tramu zilitembea tena kwenye kipande cha njia. Siku tatu. Na baadhi ya mabehewa yaliyonusurika bado yapo, bado yanabeba watu. Akateremka na vitunguu vyake.

Nilikuwa nimepanga kwenda makumbusho. Nilikwenda, na kule ndani watu hawazungumzi. Lakini nikiwasimulia wanafunzi sasa naanza na tramu.

Nipo Doha

Fupi tu. Simu yangu niliisahau kwenye treni Tokyo, saa tatu usiku, mji wa mamilioni, simjui mtu. Nikaingia koban, kile kibanda cha polisi cha mtaani. Askari akanipa kiti kwanza, ndipo akauliza. Akapiga simu tatu. Simu ilikuwa imefika kituo cha mwisho, imewekwa ofisi ya vilivyopotea. Akachora njia kwa kalamu kwenye karatasi: mto, duka la mkate, mti. Mti aliuchora na majani yake. Simu niliipata usiku uleule na ile karatasi bado ninayo.

Msafiri wa Nyeri

Mgosi, na ule muziki wa jioni uliusikia? Nilikuwa mtaa wa nyuma Kyoto, kimya kabisa, ghafla spika za barabarani zikapiga wimbo wa taratibu halafu zikanyamaza. Sikupata wa kuniambia ni nini.

Mgosi wa Makorora

Niliusikia, na nikauliza. Zile spika ni za kutangazia matetemeko na hatari nyingine, kwa hiyo kila siku wanazijaribu ili zisije kukutwa mbovu. Badala ya kupiga king'ora wanapiga wimbo wa watoto, mara nyingi saa kumi na moja jioni, na watoto wanajua maana yake ni moja: nyumbani. Mimi nilikuwa nje kidogo ya Hiroshima, kwenye kiwanja cha mchanga. Watoto kama sita walikuwa wanacheza mpira. Wimbo ulipoanza, mmoja aliudaka mpira kwa mikono, akaubana kwapani, wakachukua mikoba yao ya shule pale ukutani, wakatawanyika kila mtu na uchochoro wake. Makorora tulikuwa hivyohivyo na adhana ya magharibi. Ole wako muadhini amalize uko nje.